Utumishi wa Mwanafunzi: Je, Kazi Yenye Alama Ina Thawabu?

 

Wazazi wengi wa Maskati, Dubai na Doha wanaowapeleka watoto wao kusoma Marekani hukutana na jambo wasilolitarajia. Kijana aliyekwenda kusoma uhandisi au biashara hupiga simu akaeleza kwamba mwalimu wake amempangia, ndani ya somo lenyewe, kwenda saa mbili au tatu kila wiki kumsomesha Kiingereza mkimbizi mzee, au kupika na kugawa chakula kwa mafakiri, au kuwasaidia watoto wa mtaa hesabu zao za skuli. Mwisho wa muhula ataandika yale aliyojifunza, na kwa hayo atapewa alama. Baba akisikia hukasirika, akasema: "Mwanangu, hukupelekwa huko kuosha masufuria ya watu." Mama hunyamaza kidogo, kisha huuliza: "Na hiyo kazi, mwanangu, ina thawabu yoyote, au imekwisha liwa na maksi?"

Maswali haya mawili hayako daraja moja. La baba ni swali la heshima, na jibu lake ni jepesi. La mama ni swali la fiqhi, nalo lataka utulivu.

Ama la baba, na akumbushwe habari za wazee wa madhehebu yake. Imamu Abu Ubayda Muslim bin Abi Karima, ambaye ndiye aliyeichukua elimu ya Jabir bin Zayd na kuieneza, alijulikana kwa jina la al-Qaffaf, yaani msukaji wa vikapu. Hiyo ndiyo kazi iliyomlisha. Wanafunzi waliomjia Basra kutoka Maghribi, wale walioitwa wachukuzi wa elimu, walikaa naye miaka mitano katika pango la chini ya ardhi, na vikapu vilikuwa pale pale penye darasa: mlinzi akitikisa mnyororo mlangoni kwa kuona mgeni, elimu hunyamaza na mikono hushika ukindu. Mmoja wa wanafunzi hao, Abdul Rahman bin Rustam, baadaye akawa Imamu katika mji wa Tahert. Wajumbe walipotoka Basra kumletea mali ya ndugu zake wa huko, walimkuta juu ya dari ya nyumba yake akiziba nyufa, na mtumishi wake akimpa udongo kutoka chini. Akashuka, akanawa mikono, akawakaribisha kwa mkate na samli. Wajumbe hawakuona katika udongo ule upungufu wowote wa uimamu. Wala si lazima kwenda mbali hivyo. Katika sabla ya Oman hadi leo kijana humimina kahawa akiwa amesimama, mtoto wa shekhe na mtoto wa mkulima sawasawa, na kwa kusimama kule ndiko anakosikiliza wazee na kujifunza namna watu wanavyopatanishwa. Aliyelelewa kwa birika la kahawa hana sababu ya kuchukizwa na sufuria.

Limebaki la mama. Kabla ya kulijibu, yafaa lijulikane jambo lenyewe ni lipi, kwani hukumu juu ya kitu ni tawi la kukifahamu.

Marekani wameipa elimu hii jina lake tangu mwaka 1967, pale Robert Sigmon na William Ramsey, waliokuwa katika taasisi ya elimu ya majimbo ya kusini, walipounganisha neno la utumishi na neno la kujifunza likawa neno moja. Maana yake ni kwamba mwanafunzi asitumikie tu, kwani hilo lafanywa na kila mwenye huruma. Wala asijifunze tu, kwani hilo lafanywa vitabuni. Bali utumishi uwe ndio kitabu, na kisha akae na mwalimu wake akifikiri juu ya alichokiona. Mwaka 1985 wakuu wa vyuo vikuu kadhaa waliunda jumuiya ya kuieneza kazi hiyo, na mwaka 1990 na 1993 zikapitishwa sheria za serikali kuu za kuisaidia.

Katika miji miwili ya Minneapolis na Saint Paul, inayotazamana kwenye kingo za mto Mississippi katika jimbo la Minnesota, jambo hili lina mizizi ya zamani. Mtaa wa Cedar-Riverside, ulio ubavuni mwa Chuo Kikuu cha Minnesota, una majumba marefu yaliyofunguliwa mwaka 1973, refu kupita yote likiwa na ghorofa 39, na ndani yake makazi zaidi ya 1,300. Tangu miaka ya 1990 wengi wa wakaazi wake ni Wasomali. Humo mna misikiti, na maduka ya vitambaa na viungo ambayo mtu wa Mombasa hangejihisi mgeni. Wapo humo waliopitia Kenya: kambi za Dadaab zilizoanza mwaka 1991, au zile kambi za pwani karibu na Mombasa zilizofungwa kabla miaka ya 1990 kwisha, na wengi waliopitia huko wanakijua Kiswahili. Watu wa Barawa wana lugha yao iliyo ndugu wa damu wa Kiswahili. Basi kijana wa Maskati anayevuka barabara kwenda kumsomesha bibi mmoja wa ghorofa ya kumi Kiingereza, huenda akapokewa kwa "karibu, mwanangu, ingia," akabaki mlangoni hajui amefika Amerika au amerudi kwa bibi yake.

Jirani na majumba hayo kuna Chuo cha Augsburg, ambacho sasa ni chuo kikuu, kilichoanzishwa mwaka 1869 na wahamiaji wa Kinorwe wa Kanisa la Kilutheri, na kuhamia Minneapolis mwaka 1872. Mwaka 1967 palitokea ghasia katika barabara ya Plymouth, upande wa kaskazini wa mji walipokaa watu weusi wengi. Mwaka uliofuata mwalimu mmoja wa elimu ya jamii wa chuo hicho, Joel Torstenson, aliwatoa wanafunzi wake darasani akawapeleka kukaa na kusoma huko huko upande wa kaskazini, ili wajifunze mambo ya mji kwa wale yanaowaumiza. Kutokana na jaribio lile vyuo kadhaa viliungana mwaka 1971 kusomesha kwa njia hiyo. Na tangu mwaka 2003 wanafunzi wa Augsburg wamekuwa na jiko lao la kukusanya chakula kilichobaki kabla hakijatupwa, wakakipika upya na kuwapelekea majirani. Hayo ndiyo masufuria yaliyomkasirisha baba.

Sasa, je, kazi yenye alama ina thawabu?

Musnadi wa Imamu Rabi bin Habib, ulio tegemeo la hadithi kwa Maibadhi, unaanza kwa mlango wa niya. Hilo halikuwa kwa bahati. Lakini wanavyuoni waligawa matendo mafungu mawili, na asiyeujua mgawanyo huo hujitia katika wasiwasi. Kuna matendo yasiyosihi ila kwa niya, kama sala na saumu. Na kuna matendo ambayo ni haki za waja, kama kulipa deni na kurudisha amana: haya yakifanywa yamefanyika, hata kama mtendaji hakunuia kitu. Mdaiwa aliyelipa kwa kuogopa jela amelipa, na dhima yake imetoka. Mwenye mali hawezi kukataa fedha zake eti kwa kuwa hazikuletwa kwa moyo safi. Kilichosalia ni kati ya mdaiwa na Mola wake. Vivyo hivyo mkate uliopikwa kwa ajili ya alama humshibisha mwenye njaa sawa na mkate uliopikwa kwa ajili ya Mwenyezi Mungu. Kazi ya kijana basi haikupotea. Kinachoulizwa ni fungu lake yeye tu.

Na hapo wengi huchanganya ujira na riya, nayo ni mambo mawili. Riya ni kutenda ili watu wakuone. Ujira ni malipo ya kazi, nao peke yake hauharibu ibada. Mwenyezi Mungu, katika Sura ya al-Baqara, amewaondolea mahujaji dhambi ya kutafuta fadhila Yake kwa biashara katika msimu wa hija. Mtu hurudi na hija yake na bidhaa zake. Mwalimu wa Qur'ani hupokea posho. Hata kadhi hula mshahara wa hazina, na hakuna aliyesema kwamba hukumu yake ya haki haina thawabu, ingawa wapo waliosema mshahara wenyewe ni mdogo. Alama ya chuo ni ujira wa namna hiyo. Ikiwa nia ya kijana imegawanyika, sehemu kwa Mola wake na sehemu kwa daraja zake, basi atapata kwa kadiri ya alichonuia.

Litasemwa: lakini kijana huyu hakunuia chochote, amelazimishwa. Naam, na mtoto wa miaka saba huamrishwa sala kabla haijamlazimu, wala hakuna mzazi angojeaye mpaka mtoto aingiwe na khushui. Mwili hutangulia na moyo hufuata, au haufuati. Kulazimisha kuna khatari yake, hilo halikataliki. Wazee waliokuwa Tanganyika watakumbuka Oktoba 1966, pale wanafunzi wa Dar es Salaam walipoandamana kupinga kulazimishwa utumishi wa taifa na kukatwa sehemu kubwa ya mishahara yao, na Rais Nyerere akawafukuza zaidi ya 300 warudi makwao, akapunguza na mshahara wake mwenyewe. Kila upande ulijiona una haki. Wanafunzi wale waliona wananyang'anywa. Serikali iliona wanalipa deni la elimu waliyopewa kwa jasho la wakulima. Somo la Marekani ni jepesi kuliko hilo, kwani mwanafunzi huweza kuchagua somo jingine. Lakini mzizi wa ugomvi ni ule ule: nani anamdai nani?

Hapo ndipo penye kiini cha jambo, na hapo ndipo wengi wanaoandika juu ya faida za utumishi huu hupita haraka. Huorodhesha kwamba mwanafunzi hupata uzoefu, hujiamini, huelewa vitabu vyake vizuri zaidi, na waajiri humpenda. Yote hayo huenda yakawa kweli. Lakini yakihesabiwa sawasawa huonekana kuwa yote yameingia mfuko mmoja. Mwanafunzi amepata alama na uzoefu. Chuo kimepata ada na sifa njema. Na yule bibi wa ghorofa ya kumi, amepata nini? Ameketi wiki kumi na nne akirudia maneno mbele ya kijana asiyejua kufundisha, ambaye ndiyo kwanza anajifunza kwa ulimi wake. Amempa muda wake, subira yake, na uhaba wake. Kama hili lingeletwa mbele ya hakimu kama mkataba, hakimu angeuliza: ni nani hapa mwalimu, na nani mwanafunzi? Nani amepokea manufaa yaliyotajwa kwa maandishi, na nani ameahidiwa tu?

Mwaka 1968 padri wa Kikatoliki Ivan Illich alialikwa kuzungumza na vijana wa Marekani waliokuwa wakijiandaa kwenda vijijini kuwatumikia mafakiri wa Mexico. Badala ya kuwasifu aliwaambia waziwazi kwamba nia zao njema hazimnufaishi yeyote, na kwamba kama wanataka, na waje Mexico kutazama na kujifunza, lakini wasije kusaidia. Maneno yake yalikuwa makali kupita kiasi, na mwenye kuyafuata yote angefunga mlango wa wema. Lakini aliona jambo la kweli. Huruma isiyoulizia haja ya mtu ni aina ya kiburi. Qur'ani imeshalisema hilo kabla yake kwa karne nyingi, ilipowaonya waumini wasizibatilishe sadaka zao kwa masimbulizi na udhia. Na simbulizi si lazima litamkwe. Lipo simbulizi la macho, na la picha anayopiga kijana akiwa na sahani mkononi na maskini nyuma yake.

Katika Saint Paul palikuwa na watu walioutafutia ugonjwa huu dawa. Kwenye mtaa wa West Side wa mji huo ipo nyumba ya jumuiya iitwayo Neighborhood House, iliyoanzishwa mwaka 1897 na wanawake wa hekalu la Kiyahudi la Mount Zion ili kuwapokea wakimbizi wa Kiyahudi kutoka Urusi. Baadaye ikawapokea Wamexico, kisha Wahmong. Mwaka 1996 watu wa nyumba hiyo, pamoja na walimu wa Chuo Kikuu cha Minnesota na wa Chuo cha Mtakatifu Catherine, walianzisha mkutano wa jioni walioupa jina la Jane Addams, yule bibi aliyefungua nyumba kama hiyo Chicago mwaka 1889 na kupewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 1931. Wanafunzi wa vyuo walikuja, na wahamiaji walikuja, wakakaa duara kama halaka ya msikitini. Kanuni ilikuwa moja: kila aliyekaa pale ni mwalimu na ni mwanafunzi. Mzee hufundishwa maswali ya mtihani wa uraia. Na yeye hufundisha alikotoka na aliyoyaona.

Na aliyoyaona hayakuwa madogo. Wahmong ni watu wa milima ya Laos. Katika vita vya siri vya miaka ya 1960 na 1970 shirika la ujasusi la Marekani liliwaandikisha vijana wao kupigana upande wake. Vita vilipokwisha mwaka 1975, Wamarekani waliondoka, na wao wakabaki na adui. Waliookoka walivuka mto Mekong hadi Thailand, na wengi wao wakafikia Saint Paul, ambako leo Wahmong ni wengi kuliko karibu mji wowote wa Marekani. Kisha mwezi wa Agosti 1996 ikapitishwa sheria iliyowaondolea wageni wengi wasio raia, hata waliokaa kwa halali, msaada wa chakula na posho za uzee. Baadhi yake ilirudishwa baadaye, lakini hofu ilikuwa imeshaingia nyumbani. Mzee aliyepigana kwa ajili ya Marekani sasa hana budi awe raia wa Marekani ili ale; na ili awe raia hana budi afaulu mtihani wa Kiingereza; naye hakuwahi kukaa darasani maishani mwake.

Kijana wa chuo aliyekaa mbele ya mzee huyo na karatasi ya maswali alikuja kutafuta alama. Alichokuta ni deni, tena si deni lake peke yake bali deni la nchi yake nzima. Watu wa duara lile walijiunga na maveterani wenyewe kudai sheria ibadilishwe, na mbunge wa Saint Paul, Bruce Vento, akaipigania bungeni kwa miaka. Tarehe 26 Mei 2000 Rais Clinton alitia saini sheria iliyowaondolea maveterani wa Kihmong na wake zao sharti la Kiingereza, hadi watu 45,000. Vento alifariki mwezi wa Oktoba mwaka huo huo. Lau wanafunzi wale wangekuja kama wafadhili, wangeendelea kumfundisha mzee maneno asiyoweza kuyashika, na kumsikitikia kila alipoanguka. Kwa kuwa walikaa kama wadaiwa, waliuliza kama mtihani wenyewe ulikuwa wa haki.

Huo ndio ufunguo wa swali la mama. Mwanafunzi anayetumikia katika somo lake si mtoaji sadaka. Ni mpokeaji. Yule mhitaji amemfungulia mlango wa shida yake ili ajifunze humo, na hilo ni jambo ambalo matajiri hawakubali kulifanya kwa mtu yeyote. Basi kijana akinuia kulipa, na akajua kwamba analipa, niya yake imepata mahali pa kusimama, na simbulizi halina njia tena, kwani mdaiwa hamsimbulii anayemdai. Na kulipa deni kwa wema ni katika amali zilizo nzito mizanini.

Jabir bin Zayd, Mwenyezi Mungu amrehemu, amepokewa kuwa alikuwa akipenda kutoa dirhamu moja kwa yatima au maskini kuliko kuhiji tena baada ya hija ya faradhi. Familia za Ghuba zinazokwenda umra kila mwaka zingefanya vyema kulitafakari neno hilo, lakini hiyo ni mada ya kitabu kingine.

Huulizwa pia: vipi kuhusu walaya na baraa? Je, Mwislamu amtumikie asiyekuwa katika walaya yake, awe Mhmong anayewatolea mizimu ya wazee wake, au Mlutheri aliyezeeka? Jibu ni kwamba walaya ni upendo wa dini na kumwombea mtu Pepo. Haukuwa kamwe sharti la kumpa mtu maji. Mateka aliyetajwa katika Sura ya al-Insan pamoja na maskini na yatima, wale wanaolishwa kwa ajili ya Mwenyezi Mungu pasipo kutakiwa jaza wala shukurani, alikuwa katika zama hizo mateka wa makafiri. Na Sura ya al-Mumtahana imeruhusu wema na uadilifu kwa wasiowapiga vita Waislamu wala kuwatoa majumbani mwao. Zaka ina watu wake. Sadaka ya hiari na kazi ya mikono ni pana zaidi. Ama jikoni akiambiwa ashike nguruwe au mvinyo, aombe kazi nyingine kwa upole. Na binti asikae faraghani na mwanamume asiye maharimu, wala kijana na mwanamke; afundishe penye watu. Haya yanajulikana, hayahitaji kurefushwa.

Linalohitaji kurefushwa ni lile daftari. Walimu wa huko humtaka mwanafunzi aandike aliyoyaona na kuyafikiri, na bila ya kuandika huko, kwao, elimu haikukamilika. Jambo ni jema kwa asili yake, kwani kujihesabu nafsi ni katika mwendo wa watu wema. Lakini kijana hujihesabu kwa kusimulia ya mwenziwe. Huandika kwamba bibi aliyemsomesha ameachwa na mwanawe. Kwamba ndani ya nyumba mna watu saba na kitanda kimoja. Kwamba mjukuu amefungwa. Halafu husoma hayo mbele ya darasa, na darasa hulia, na yeye hupata alama ya juu. Aliyafahamu hayo kwa kuwa alikaribishwa ndani. Siri ya nyumba ni amana, na aliyeingia kwa jina la utumishi ameingia kwa amana. Hakika kusengenya hakugeuki kuwa halali kwa kuitwa tafakuri, wala kwa kuficha jina ikiwa ghorofa inajulikana na mtaa unajulikana. Aandike juu ya nafsi yake: ujinga wake, haraka yake, mahali alipodhani anajua akakuta hajui. Huko kuna mengi ya kutosha kurasa kumi, na hakuna wa kumshitaki.

Kitabu cha Talqin al-Sibyan, alichokitunga Shekhe Nuruddin as-Salimi kwa ajili ya kuwafundisha watoto, kinajulikana katika nyumba za Maibadhi wa Zanzibar na Oman, na jina lake lenyewe linaeleza kwamba ni mafundisho ya yale yanayomlazimu mtu. Maibadhi hawakuitenga imani na amali. Kwao imani ni neno na itikadi na kitendo. Kijana aliyeyasoma hayo akiwa mdogo hatakiwi kushangaa anapoambiwa na mwalimu wa Minneapolis kwamba elimu isiyotumika haijatimia. Atashangaa pengine kwamba aliyemkumbusha ni Mlutheri.

Limebaki suala moja ambalo hutokea kila mwaka mwezi wa Mei, na hili ndilo gumu kupita yote. Muhula umekwisha. Alama zimeandikwa. Ndege ya Maskati ni wiki ijayo, na mama ameshaanza kupika. Lakini mzee aliyekuwa akifundishwa anafanya mtihani wake wa uraia mwezi wa Julai, na alipouliza mwezi wa Februari, theluji ikianguka, "Utakuwa pamoja nami mpaka mwisho?", kijana alijibu, "Inshallah," kama watu wanavyojibu. Je, amefungika?

Nabii Musa, amani imshukie, alipofika Madyan aliwanyweshea wanyama wale mabinti wawili kabla hajaulizwa wala kuahidiwa ujira. Kisha mzee wao akamwekea mkataba wa kumtumikia miaka minane, na akitimiza kumi basi ni hiari yake. Ibn Abbas, mwalimu wa Jabir bin Zayd, alipoulizwa Musa alitimiza upi katika muda huo miwili, alisema alitimiza ulio mrefu na mwema zaidi. Wiki kumi na nne za chuo ndiyo ile minane. Hizo kijana amezimaliza, na chuo hakimdai tena. Lakini neno alilompa mzee halikuwa la chuo. Ikiwa alilitamka kwa kukusudia, au alijua kwamba mzee amelishika hivyo akanyamaza, basi ni ahadi, na ahadi huulizwa. Akiwa na udhuru wa kweli, kama ugonjwa wa mzazi au viza inayokwisha, aende kwa mzee mwenyewe, akae, amweleze, na amtafutie mwingine kabla hajaondoka, amtambulishe uso kwa uso. Na ikiwa hana udhuru ila hamu ya nyumbani, basi tiketi na ibadilishwe mpaka baada ya mtihani, na gharama ya kuibadilisha ailipe baba.